Herufi Mbili Zinazoamua Nani Alipe

Kwenye kila taarifa ya malipo ambayo kampuni ya bima ya Marekani humtumia daktari, mbele ya namba ya sababu ya kukata malipo huwekwa herufi mbili. Zikiwa CO, kiasi kilichokatwa ni mzigo wa daktari, na mgonjwa hadaiwi kiasi hicho hata senti moja. Zikiwa PR, mgonjwa ndiye wa kulipa. Zipo nyingine, OA na PI, lakini hizo mbili za kwanza ndizo anazokutana nazo karani wa bili kuanzia asubuhi hadi jioni. Nimekaa kwenye dawati hilo, katika ofisi ya bili ya daktari, na nasema bila kusita kwamba madhara makubwa kuliko yote niliyoyaona hayakuletwa na bima. Tuliyaleta wenyewe, kwa kusoma namba na kuziruka herufi.

Siku moja alitufikia bibi mmoja akiwa na bahasha tatu mkononi, zote zetu. Alikuwa amefanyiwa kipimo cha ultrasound cha mishipa ya miguu, Medicare, bima ya serikali ya Marekani inayohudumia hasa wazee, ikakataa kulipia, nasi tukamwandikia barua ya deni mara tatu. Alikuwa ameshalipa awamu mbili kutoka kwenye pensheni yake na alikuja kuomba tumpunguzie ya tatu. Hakuja kulalamika. Nilifungua taarifa ya malipo huku amesimama mbele yangu, na pale palikuwa pameandikwa CO-50.

Namba 50 maana yake bima haikuona kwamba huduma ile ilikuwa ya lazima kitabibu. Hilo karani yeyote analijua. Lakini sikiliza kilichosemwa na zile herufi mbili. Medicare inamtaka daktari anayeona kwamba huduma huenda isilipwe kwa sababu hiyo amjulishe mgonjwa kabla, kwa fomu namba CMS-R-131, akiandika sababu na makadirio ya gharama, kisha mgonjwa achague mwenyewe kama aendelee au aache, na atie saini. Akishatia saini, dai la malipo hutumwa kwa bima likiwa na kiambishi GA, alama ya ziada inayowekwa kwenye msimbo wa huduma, na likikataliwa hurudi na herufi PR. Fomu isipokuwepo hurudi na CO. Kwa hiyo taarifa ile ilikuwa inatuambia waziwazi: hamkumwambia huyu mama kabla, gharama ni yenu. Nasi tukachukua gharama yetu tukamtwisha yeye.

Kosa lile lina chanzo kinachofahamika. Dai lililokataliwa ni swali, na aliyeulizwa ni ofisi. Linahitaji jibu la maandishi, lenye ushahidi, kabla muda haujaisha. Kulijibu ni kazi. Kumwandikia mgonjwa ni kubonyeza kitufe. Ofisi iliyolemewa huchagua kitufe. Ikiona haya kumdai mgonjwa, hulituma dai lilelile tena bila kubadilisha kitu, au hulifuta kabisa mwisho wa mwezi ili jedwali lionekane safi. Njia zote tatu zinafanana kwa jambo moja: swali halijajibiwa.

Sizitetei kampuni za bima hapa. Mwaka 2022 ofisi ya mkaguzi mkuu wa Wizara ya Afya ya Marekani ilichapisha uchunguzi wake kuhusu mipango ya Medicare Advantage, ile inayoendeshwa na kampuni binafsi kwa fedha za Medicare. Katika sampuli iliyochunguzwa, asilimia 13 ya maombi ya idhini ya awali, yaani ruhusa ya bima kabla ya huduma, yaliyokataliwa yalikuwa yametimiza masharti ya Medicare, na asilimia 18 ya madai ya malipo yaliyokataliwa yalistahili kulipwa kwa kanuni za Medicare na za mipango yenyewe. Huko kwenye HealthCare.gov, soko la bima la serikali mtandaoni, uchambuzi wa shirika la utafiti wa afya la KFF wa takwimu za mwaka 2023 ulikuta kwamba karibu dai moja kati ya matano ya watoa huduma wenye mkataba na bima lilikataliwa. Wateja waliokata rufaa hawakufika hata asilimia moja ya madai yaliyokataliwa. Kati ya rufaa hizo chache, bima zilishikilia uamuzi wao katika asilimia 56 tu, zilizobaki zilibadilishwa.

Sizichukui namba hizo kama ahadi kwamba kila rufaa itashinda. Wanaokata rufaa huenda ndio wenye kesi zenye nguvu. Hata hivyo, mfumo ambao karibu kila mtu ananyamaza ni mfumo ambao kukataa hakumgharimu anayekataa. Na mgonjwa wa kawaida, anayeumwa, asiyejua tofauti ya CO na PR, hana namna ya kupambana peke yake. Mtu pekee mwenye faili, mwenye misimbo, na mwenye lugha ya kuzungumza na bima ni karani wa ofisi ya daktari. Akinyamaza yeye, hakuna mwingine.

Jambo la kwanza ni kujua kama dai limekataliwa kweli. Watu hulipita haraka sana hili. Ukiona CO-16, bima inasema dai lina upungufu au makosa, na chini yake kuna msimbo wa maelezo unaoeleza upungufu upi. Kwa Medicare, msimbo huo ukiwa MA130, dai halikuweza kushughulikiwa kabisa na halina haki ya rufaa; unalisahihisha na kulituma upya. Nimeona mwenzangu akiandika barua ya rufaa ya kurasa mbili kwa dai lenye MA130. Barua ilirudi baada ya wiki kadhaa ikiwa na sentensi moja. Kilichokuwa kimekosekana ni namba ya daktari aliyemwelekeza mgonjwa, kazi ya dakika nne.

Kinyume chake pia kipo, nacho kina hatari zaidi. Dai limekataliwa kwa sababu ya msingi, karani analituma tena kama lilivyo, linarudi na namba 18: dai hili ni nakala. Anatuma tena. Namba 18. Kwenye programu ya ofisi dai linaonekana linashughulikiwa, kila wiki lina tarehe mpya, msimamizi anaridhika. Lakini saa ya rufaa ilianza kuhesabu siku uamuzi wa kwanza ulipopokelewa, na nakala hazikuisimamisha. Kama ni bima binafsi na dai linahitaji kusahihishwa, kuna kisanduku namba 22 kwenye CMS-1500, fomu ya madai ya madaktari: unaandika 7, yaani hili linachukua nafasi ya lile la zamani, pamoja na namba ya dai la mwanzo. Bila tarakimu hiyo moja, marekebisho yako yote yatasomwa kama nakala.

Saa yenyewe haina huruma. Medicare humpa daktari mwaka mmoja kutoka siku ya huduma kutuma dai. Likikataliwa, ana siku 120 za kukata rufaa ya kwanza kwa mkandarasi aliyetoa uamuzi, yaani kampuni inayoshughulikia madai kwa niaba ya Medicare. Akishindwa hapo, ana siku 180 za kwenda kwa mpitiaji huru, kisha siku 60 za kufika kwa jaji wa masuala ya utawala, siku 60 nyingine za Baraza la Rufaa la Medicare, na siku 60 za mahakama ya shirikisho. Ngazi tano. Ofisi ndogo mara nyingi haivuki ya pili, na kwa ngazi ya jaji na ya mahakama kuna kiwango cha chini cha fedha kinachotakiwa kwenye mgogoro. Kwa bima binafsi muda hutoka kwenye mkataba, na mikataba mingi humpa daktari siku 90 au 180 tu kutuma dai. Mkataba huo uko wapi ofisini kwenu? Nimeuliza swali hili mara nyingi, na mara nyingi jibu ni kabati la mwenye kliniki, lililofungwa.

Ukichelewa unapata CO-29. Herufi ni CO tena: uchelewaji wa ofisi haumhamii mgonjwa. Kinga yake ni ushahidi wa kupokelewa, na hapa wengi huteleza, kwa sababu wanatunza ushahidi wa kutuma. Picha ya skrini inayoonyesha dai limeondoka kwenye programu yako haithibitishi kwamba lilifika. Kinachothibitisha ni ile ripoti ya kielektroniki iitwayo 277CA, inayosema bima imelipokea dai na kulikubali liingie kwenye mfumo wake, ikiwa na tarehe. Ofisi yenye kuhifadhi ripoti hizo kila siku hushinda hoja za CO-29 kwa kuambatisha ukurasa mmoja.

Sasa tuje mahali ambapo madai mengi huugua kabla ya kuzaliwa: mapokezi. Mgonjwa ana miaka 67, anatoa kadi ya Medicare, kadi inapigwa picha, anaenda kukaa. Hakuna aliyemuuliza kama bado anafanya kazi, au kama mume wake anafanya. Kanuni iko wazi: mtu mwenye miaka 65 au zaidi akiwa na bima ya kikundi kwa sababu yeye au mwenzi wake yuko kazini, na mwajiri ana wafanyakazi 20 au zaidi, bima ya mwajiri hulipa kwanza na Medicare hufuata. Swali halikuulizwa, dai linakwenda Medicare, linarudi na namba 22: muone mlipaji mwingine. Wakati ofisi inamtafuta mgonjwa kwa simu apate kadi ya pili, muda wa mlipaji yule wa kwanza, pengine siku 90, unakwisha. Swali la sekunde tano limezaa kazi ya miezi mitatu. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ukuta huu anaujenga mtu wa bili ambaye hakuwepo ufa ulipotokea.

Hivyo hivyo kwa idhini ya awali. Namba 197 husema huduma ilihitaji idhini na haikupatikana. Baada ya huduma kutolewa, nafasi ya kuipata ni finyu: bima nyingine huruhusu kuomba kwa kurudi nyuma endapo ilikuwa dharura, nyingine haziruhusu kabisa. Kanuni mpya ya serikali iliyotolewa Januari 2024 inazitaka bima kadhaa, zikiwemo za Medicare Advantage, kuanzia 2026 kutoa uamuzi wa maombi ya idhini ndani ya saa 72 kwa yale ya haraka na siku saba kwa ya kawaida, tena zikieleza sababu mahususi ya kukataa. Naipokea kwa mikono miwili. Haitaisaidia ofisi ambayo haikuomba.

Zinabaki zile kesi ambazo kila kitu kilifanywa sawasawa na bima bado imesema hapana. Hizi ndizo za kupigania, na barua ya rufaa inatakiwa iandikwe na mtu aliyesoma faili. Barua niliyoikuta ofisini siku yangu ya kwanza ilikuwa na nafasi tatu za kujaza na sentensi moja: tunaomba mpitie upya dai hili kwani huduma ilikuwa ya lazima. Hiyo ni ombi la huruma, na anayeipokea hana kitu cha kushika.

Barua inayofanya kazi ni fupi pia, lakini ina vitu. Inaanza na namba ya dai, tarehe ya huduma na msimbo wa huduma. Inanakili maneno ya bima yenyewe ya kukataa, bila kuyapamba. Kisha inachukua sera ya bima hiyohiyo kuhusu huduma hiyo, kifungu kwa kifungu, na mbele ya kila sharti inaweka mstari wa maandishi ya daktari unaolitimiza. Sharti linasema mgonjwa awe amejaribu mazoezi ya tiba kwa wiki sita kabla ya kipimo? Hii hapa tarehe ya kwanza, hii ya mwisho, ukurasa wa tatu wa kiambatisho, mstari umewekewa alama. Mpitiaji hatakiwi kutafuta chochote. Ana mafaili mengi mezani. Anayempa jibu limekaa tayari humrahisishia kusema ndiyo. Na kila simu iliyopigwa inaandikwa: tarehe, saa, jina la aliyepokea, namba ya kumbukumbu ya simu, alichosema. Karani wa bima akikuambia dai litapitiwa upya ndani ya siku 30 na huna namba ya kumbukumbu ya simu ile, hukuambiwa kitu.

Daktari naye ana sehemu yake, na hapa naomba nisieleweke vibaya. Nawaheshimu, wanaandika usiku baada ya kuona wagonjwa mchana kutwa. Lakini rufaa haiwezi kuthibitisha kilichofanyika kama hakikuandikwa. Daktari aliyeandika “maumivu ya mgongo, tufanye MRI” ameniacha mikono mitupu, hata kama chumbani alimchunguza mgonjwa kwa makini na kukuta mguu umekufa ganzi na nguvu zimepungua. Pia simu ya daktari kwa daktari wa bima, pale inaporuhusiwa, hufungua milango ambayo barua haifungui. Dakika kumi za daktari mara nyingi huzidi uzito wa mwezi mzima wa karani.

Na kuna mstari ambao haupaswi kuvukwa. Ukiona namba 97, huduma imehesabiwa ndani ya nyingine iliyokwisha kulipwa. Kiambishi 25 kinaweza kuitenganisha ziara na kazi ndogo iliyofanyika siku hiyohiyo, na kiambishi 59 kinaweza kutenganisha huduma mbili, iwapo kweli zilikuwa mbili na faili linaonyesha hivyo. Nimesikia kwa masikio yangu karani akiambiwa aweke 59 kwanza aone kama litapita. Hapana. Hilo ni dai la uongo, na Marekani ina sheria ya madai ya uongo kwa serikali tangu 1863. Tukitaka bima ijibu kwa ukweli, nasi tutume ukweli. Dai lililokataliwa kwa haki tulikubali, tulifute kwa jina lake, na tujifunze lilikotoka.

Wenye kliniki wana hoja moja ninayoisikia kila mara: dai la dola 40 halistahili saa ya mshahara. Kwa dai moja, ni kweli. Lakini madai madogo hayaji moja moja. Wiki moja nilichapisha taarifa zote za kukataliwa na kuzipanga sakafuni kwa namba za sababu, kila namba rundo lake. Rundo moja lilikuwa refu kuliko mengine yote, na karibu lote lilikuwa la huduma moja, kwa bima moja, kwa sababu moja: msimbo wa ugonjwa uliowekwa kwenye kiolezo cha daktari haukuwa kwenye orodha ya bima ile kwa huduma ile. Kila karatasi peke yake ilikuwa imefutwa kwa sababu ni ndogo. Funika kombe mwanaharamu apite, mwezi hadi mwezi. Tulimwonyesha daktari. Wagonjwa wake walikuwa na ugonjwa mahususi zaidi na faili lilisema hivyo, ila kiolezo kilikuwa kinachagua msimbo wa jumla. Alikibadilisha mchana uleule. Anayefuta bila kuhesabu sababu hawezi kuliona rundo hilo kamwe.

Kwa wagonjwa wenye bima ya mwajiri, ERISA, sheria ya 1974 ya mafao ya wafanyakazi, na kanuni zake huwapa angalau siku 180 za kukata rufaa ndani ya mpango. Sheria ya afya ya 2010 iliongeza haki ya mapitio ya nje, kwa mtu asiye wa bima, kwenye mizozo inayohusu hukumu ya kitabibu. Kwa mapitio ya shirikisho muda wa kuomba ni miezi minne baada ya uamuzi wa mwisho wa ndani. Haki hizi ni za mgonjwa. Daktari anaweza kumwakilisha, mgonjwa akisaini fomu ya uwakilishi, na mimi naamini fomu hiyo inapaswa kutolewa mara tu kesi kubwa inapokataliwa, pamoja na maelezo kwa lugha anayoielewa. Mgonjwa wa saratani hapaswi kujifunza neno “mapitio ya nje” kutoka kwa jirani.

Yule bibi tulimrudishia awamu zake mbili. Hundi ilichukua siku tisa kutoka, kwa sababu hakuna aliyekuwa na uhakika inaombwaje. Ofisi ilikuwa haijazoea kurudisha. Nilimpigia kumwambia imetumwa. Akashukuru zaidi ya tulivyostahili, kisha akauliza kama kuna wengine waliolipa kama yeye bila kuja ofisini. Sikuwa na jibu. Jumatatu iliyofuata tulifungua kila dai la CO-50 la mwaka ule, kuanzia Januari, tukitafuta kwenye kila faili fomu yenye saini, na pale isipokuwepo, jina la aliyeandikiwa barua ya deni.